Ganda la Mgomba

Mdogo wangu alikataa maji ya nyumbani kwangu. Sisemi pombe wala pilau ya sherehe. Nasema maji, yale ambayo hata mpita njia usiyemjua unampa kwa kata bila kumuuliza anatoka wapi. Alikuwa akija Same anasimama mlangoni, ananiamkia, "Shikamoo dada," namwitikia marahaba, namwambia aingie, anaingia na kukaa. Lakini nikimletea kikombe anakishika kwa mikono miwili, anakitazama, halafu anakiweka sakafuni karibu na mguu wa kiti. Kinabaki pale mpaka anaondoka. Mimi nina hasira za karibu, nyumbani wote wananijua. Siku moja niliyachukua yale maji nikayamwaga uani kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika, nikamwambia, "Basi si useme tu kwamba nimekutilia sumu!" Akajibu polepole, "Dada, sumu nilitia mimi."

Ili unielewe inabidi nianze na maji ya baba. Sisi ni watu wa Mhezi, juu kule kwenye baridi, karibu na Chome. Baba yetu alikuwa mzee wa ndiva. Ndiva ni bwawa tunalolichimba wenyewe mlimani; linakusanya maji usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, na maji yanateremka kwenye mifereji kwenda kwenye mashamba kwa zamu. Pale chini penye mlango wa maji hatukuwa na kufuli wala chuma. Tulikuwa na gogo lililochongwa ncha, likazungushiwa ganda kavu la mgomba, likagongomelewa mpaka halipiti hata chozi. Baba alikuwa na masikio ya ajabu. Angeweza kuwa anakula, akanyamaza ghafla, akasema, "Kuna mahali panavuja," na tungetumwa sote kwenda kutafuta. Kwetu mtoto aliyeiba ndizi alichapwa. Mtoto aliyeona maji yanavuja akapita, huyo alichapwa na kusemwa.

Na kulikuwa na jambo jingine. Mtu akizembea, mfereji ukabomoka ukasomba shamba la mwenzake, hakupelekwa barazani kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Alileta mbuzi. Alisimama mbele ya watu akasema kwa kinywa chake alichokifanya, baba akamhoji, kisha mbuzi akachinjwa, na yule aliyeharibiwa shamba ndiye aliyekula wa kwanza. Akishameza, mkosaji naye anakula kutoka bakuli lile lile. Baada ya hapo ni mwiko kulitaja tena. Utotoni niliona wanaume waliotukanana msimu mzima wakiteremka njia moja wakicheka baada ya nyama hiyo, nami nikadhani dunia nzima inamaliza mambo yake hivyo.

Niliolewa Same, bondeni kwenye joto na vumbi. Mume wangu alikuwa kwenye gangi ya reli, akiwekwa kambi huko njiani kuelekea Mombo, na nyumbani alikuwa anaonekana kwa nadra. Mdogo wangu alinifuata akitafuta kazi, akaipata gereji kwa Kalasinga mmoja aliyekuwa fundi hodari na mwenye sauti ya kugomba hata anapokusalimia. Kila jioni alikuja kwangu kula. Loo, yule kijana alikuwa anakula! Nikipika makande ya watu wanne, yeye peke yake alikuwa watu watatu. Anakula, anasema, mikono imejaa weusi usiotoka hata kwa majivu, na habari zake zote ni za injini.

Wakati huo kulikuwa na mzungu mmoja, meneja wa shamba la mkonge huko chini, aliyekuwa na gari la mashindano. Lilikuwa fupi, limelala karibu na ardhi, na ulilisikia kabla hujaliona. Wazungu wenzake walikuwa na magari ya namna hiyo, wakishindana kwenye barabara zetu za vumbi huku mbuzi na watoto wakikimbilia vichakani. Gari lile lililetwa gereji litengenezwe kwa ajili ya mashindano, na mdogo wangu akachanganyikiwa nalo kabisa. Nilimwambia, "Wewe utalioa hili gari, na yule mchumba wako wa Mhezi tutamwambia nini?" Maana alikuwa ameshachumbia, mahari imeshaongelewa, kilichobaki ni siku.

Yeye hajali utani. Anachukua bakuli langu, anatia maji, anazungusha kijiko ndani yake kunionyesha. "Dada, tazama. Katikati ya injini kuna chuma kimepindapinda, kinaitwa krenki. Pistoni zinakizungusha, chenyewe ndicho kinachopeleka nguvu nyuma. Chini yake kuna sampo, kama sufuria, imejaa oili. Sasa injini ya lori ni mzee anayetembea. Krenki inazunguka taratibu, oili imetulia. Hii ya mzungu ni kichaa. Inazunguka mpaka inaichota oili na kuipiga kama mtu anayepiga mayai. Inakuwa povu. Na povu halilainishi kitu, beringi zinaungua." Kijiko kinaruka, maji yananirukia usoni, mimi napiga kelele.

Basi akanieleza jinsi fundi wake alivyoikomesha oili ile. Alikata bati akalitoboa vipenyo vyembamba, akalifunga chini ya krenki kama dari, oili iliyorushwa ipite kwenye vipenyo irudi chini na isichotwe tena. Ndani ya sampo akaweka vizuizi, ili gari likikata kona kwa kasi oili isikimbilie upande mmoja na kuacha bomba linanyonya hewa. Nikamwambia kwamba hivyo ndivyo tulivyokuwa tukitia majani ndani ya ndoo tukitoka mtoni ili maji yasiruke. Alifurahi huyo! Alinishika mkono kwa ile mikono yake michafu akasema, "Dada, wewe ungekuwa fundi."

Lakini kulikuwa na mahali pamoja palipomkera. Nyuma kabisa ya injini, krenki inapotokeza kwenda kukutana na klachi, hapakuwa na mpira wa kuziba. Palikuwa na mchirizi tu uliochongwa kuzunguka chuma, kama parafujo. Krenki inapozunguka, mchirizi unaisukuma oili irudi ilikotoka. Unairudisha karibu yote. Ile kidogo inayoponyoka inaangukia kwenye nyumba ya klachi, na chini ya nyumba ile kuna kitundu, na ndani ya kitundu inaning'inia pini iliyolegea, inacheza. Hapo ndipo oili ilipodondoka. Tone, tone, tone, kwenye sakafu ya gereji.

"Fundi mzima," alisema mdogo wangu, "ametengeneza kila kitu, halafu anaacha gari linavuja. Na pini yenyewe haijakazwa. Nikimuuliza anasema ndivyo lilivyo, nifanye kazi yangu. Mzungu naye kila siku analalamika sakafu yake inachafuka."

Sijui kama nieleze alivyosema, au uso wake ulivyokuwa. Ulikuwa uso wa baba anaposikia maji. Nami sikucheka. Mimi pia ni mtoto wa ndiva, tone lile lilinikera nikiwa jikoni kwangu, mbali na gereji, sijaliona.

Siku moja fundi alipanda treni kwenda Moshi kutafuta beringi. Mdogo wangu alikuja mchana, jambo ambalo si kawaida yake, akaniomba ganda la mgomba. Nilikuwa nalo, mama alikuwa amenitumia ugoro wa kumpa baba mkwe ukiwa umefungwa kwa ganda kavu, nikalichana nikampa kipande kizuri kisicho na ufa. Jioni alikuja akitabasamu. Alikuwa ameing'oa ile pini, akachonga kigingi cha mpingo, akakizungushia ganda langu, akakigongomelea kwenye kitundu. "Limenyamaza," alisema. "Sakafu kavu kama sahani." Nikamwambia, "Safi kabisa. Umefanya kama baba." Nikamwongezea makande.

Wakati huo sikujua klachi ni nini. Sasa najua kuliko ninavyotaka. Ni sahani zinazobanana, na kubanana kwao ndiko kunakofanya nguvu ya injini ifike kwenye magurudumu. Zinataka ukavu. Zikilowa oili zinateleza. Kwenye tambarare hutaona kitu, gari litakwenda kama kawaida, mpaka siku utakayoliambia lipande mlima.

Mzungu aliliendesha siku kadhaa, akafurahia sakafu yake, akalirudisha gereji lipigwe msasa wa mwisho. Fundi aliporudi hakulala tena chini yake kutazama, kwa sababu kwa upande wake pale hapakuwa na kazi. Na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza, kubwa, miguu imevimba, namlaani mume wangu na reli yake kila asubuhi.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati niliohesabu. Jirani alinipeleka zahanati, dresa, yule msaidizi wa daktari, akanipapasa tumbo, akanipapasa tena. Akasema mtoto amelala kimshazari na yeye hawezi, nipelekwe Gonja kwenye hospitali ya misheni, tena sasa hivi. Gari la serikali halikuwapo. Lori la mchuuzi lilikuwa limeshaondoka. Jirani alikimbia gereji kumwita mdogo wangu, na hapo ndipo yule Kalasinga, mtu niliyekuwa nikimwita bahili na mkorofi, alipochukua ufunguo wa gari la mashindano akamtupia. "Peleka dada yako," alisema. "Mzungu nitajibu mimi."

Nitakwambia ukweli, ile safari ya tambarare ilikuwa ya furaha. Maumivu yalikuwapo, nilikuwa nang'ata kanga mdomoni, lakini sijawahi kupaa vile. Milima ilikuwa mkono wetu wa kulia inakimbia. Mdogo wangu alikuwa anaendesha huku anasema na mimi, "Tunafika, dada, tunafika, sikiliza injini inavyoimba, oili iko mahali pake." Nikamwambia anyamaze atazame mbele. Kisiwani tulipapita watu wakiwa bado wanainua mikono kutupungia. Tulifika Maore jua likiwa bado juu, na nilimwona mdogo wangu anapumua, kwa sababu kilichobaki ni kupanda tu.

Barabara ilipoanza kuinuka, injini ikapiga kelele zaidi na gari likapunguza mwendo. Nilidhani amebadilisha gia vibaya. Akabadilisha tena. Injini inalia, inalia mpaka masikio yanauma, na gari linatambaa, kisha linasimama, kisha linaanza kurudi nyuma. Kukatokea harufu ya kitu kinachoungua. Aliruka nje akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akalala chini. Nilikuwa nimeegemea mlango, nikaona mkono wake unaingia chini ya gari na kutoka na kigingi. Baada yake oili nyeusi ilimwagika mwaa! kwenye vumbi, nyingi, hata sijui ilijificha wapi yote ile. Kwenye kigingi ganda la mgomba lilikuwa bado limeshika vizuri, halijaachia hata kidogo. Alilitazama. Halafu akanitazama mimi. Sote wawili tulikuwa tumeelewa.

Alichota vumbi kwa mikono akalirusha kwenye dirisha dogo la nyumba ya klachi ili zile sahani zishike. Zilishika. Tulipanda kona moja, nikaanza kumshukuru Mungu, halafu gari likagoma kabisa. Alikimbia kuteremka akipiga yowe. Watu wa mashamba walikuja na majembe yao, wakakata miti wakatengeneza machela, wakanibeba mpaka juu wakipokezana. Yeye alikuwa mbele kushoto njia nzima. Watu walimwambia apumzike apokelewe, hakukubali.

Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa. Alikuwa wa kiume, ana nywele nyingi. Nesi mmoja mtu mzima alinishika bega akaniambia kwamba huenda hata tungewahi ingekuwa vile vile, hayo ni ya Mungu. Huenda. Neno hilo nimelala nalo miaka mingi. Likiwa upande mmoja linanipoza, nikiligeuza linanichoma.

Mdogo wangu aliletwa kitandani kwangu akiwa na oili mpaka kwenye nyusi. Alianza kusema, "Dada, mimi ndiye niliye..." nami nikamkatiza. "Nimekusamehe. Yamekwisha. Usiseme." Wote waliokuwapo walinisifu kwa roho nzuri. Haikuwa roho nzuri. Nilitaka anyamaze, sikuwa na nguvu ya kuisikia habari ya kile kitundu, nikalitupa lile neno la msamaha kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa.

Baada ya hapo kila mtu alimfanyia vile vile. Alikwenda kwa fundi wake kutaka afukuzwe, fundi akasema, "Mimi sikukueleza pini ni ya nini. Kosa la mwalimu. Rudi kazini." Akasubiri mzungu aje amtukane. Mzungu aliinua mabega, akasema bahati mbaya, akalikokota gari lake. Mume wangu alirudi kutoka gangini, akalia, akamshika mkono shemeji yake akamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji alimwombea. Mdogo wangu alikuja kuniambia, "Dada, kosa langu kila mtu ananinyang'anya. Nisikilize hata wewe mmoja. Nitaleta mbuzi, nitasema, wewe utakula."

Hapo ndipo nilipowaka. "Nile mbuzi? Kwa ajili ya mwanangu? Yule hakuwa shamba la mahindi! Mimi ni fisi?" Nilimfukuza. Na mchungaji aliponiunga mkono, akisema kwamba msamaha haununuliwi kwa mbuzi na mambo hayo tuyaache na giza letu la zamani, nilijiona niko sahihi mara mbili. Mdogo wangu aliacha gereji akarudi Mhezi kushika jembe. Alikuwa akishuka Same kila baada ya muda kunijulia hali, anakaa kwenye kiti changu, hanywi maji.

Yule mchumba wake alisubiri. Wazazi wake wakaulizia siku, akasema bado. Wakaulizia tena, bado. Mwishowe mama yetu alishuka bondeni, yeye ambaye joto la Same alikuwa analiita adhabu, akakaa jikoni kwangu bila kuvua mtandio.

"Wakwe wamechoka," alisema. "Msichana mwenyewe analia. Mdogo wako anasema hawezi kuitwa baba wakati amekuzuia wewe kuitwa mama. Hataki kuoa. Akikataa sasa, binti ataolewa kwingine na huyu atazeeka peke yake nyumbani kwangu."

"Mimi nilishamsamehe, mama. Anataka nini zaidi?"

"Anataka kulishwa na wewe. Ni mbuzi tu, mwanangu. Unaogopa nini?"

Nilimjibu vibaya, namwomba Mungu anisamehe, nilimjibu kwa sauti ambayo mtu hampazii mamaye. Alikunywa maji yangu yote, akaweka kikombe chini taratibu, akasema tu, "Ninyi wawili mlizaliwa na masikio ya baba yenu. Mnasikia tone, basi mnaziba." Akaondoka kesho yake bila kunisema tena.

Nilikwenda. Nisingependa ufikiri nilikwenda kwa upole. Nilipanda lori la viazi mpaka chini ya mlima, nikashika njia kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nabishana peke yangu kwa sauti hadi watu wakanipisha. Mama mmoja alinipa ndizi ya kuchoma, nikaikataa kwa hasira tu. Nilifika Mhezi ukungu ukiwa umeshashuka, nikamkuta mdogo wangu anachambua maharage uani. Nikamwambia, "Haya. Lete huyo mbuzi wako."

Asubuhi watu wa ndiva walikusanyika. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amezeeka, koti la jeshi mabegani. Mdogo wangu akasimama mbele yake, akaanza kusema, na alisema kwa Kipare, lugha isiyo na neno la klachi wala krenki. Ilibidi aeleze vyote kama alivyonieleza mimi kwa bakuli na kijiko: kile chuma kinachozunguka, sufuria ya oili, bati lenye vipenyo, mchirizi unaorudisha. Hakuna aliyemharakisha. Wazee walikuwa wanatikisa kichwa kukubali, maana habari yote ilikuwa ya kitu kinachotiririka na namna ya kukiongoza, nao hiyo walikuwa wanaijua.

Baba akamhoji. "Kile kitundu kilikuwa cha nini?"

"Cha kutolea ile iliyoponyoka. Pini inacheza ndani yake ili uchafu usikizibe."

"Ikishatoka inamdhuru nani?"

"Hakuna. Inachafua sakafu."

"Ukakiziba."

"Nikakiziba."

"Kwa nini?"

"Nilidhani inapotea, baba."

Baba akanyoosha fimbo kuelekea juu, kwenye ndiva. "Ndiva yetu ina mlango wa chini tunaouziba. Na juu je?"

Mdogo wangu akashusha kichwa. Juu ya ukingo wa ndiva tuna ufa ulioachwa makusudi, umepangwa mawe, mvua ikizidi maji yapitie hapo bila kuvunja ukuta. Tulikuwa tukicheza hapo utotoni. Hakuna hata siku moja mtu aliyejaribu kuuziba.

"Uliuona tangu unatambaa," baba alisema. "Ulijua. Ulifanya uzembe, na dada yako amezika mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo. Niliogopa, nikainuka nimtetee, mama akanivuta kanga nikakaa. Na mdogo wangu, badala ya kuanguka, alijibu, "Ndiyo, baba. Nilifanya uzembe," na nikaona mabega yake yanashuka. Alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo, na watu wakamwacha alie.

Nilitaka kusema kwamba ganda lilitoka jikoni kwangu. Nilitaka kusema nilimwambia safi kabisa. Lakini haikuwa zamu yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Mbuzi alichinjwa, nyama ikachomwa. Nikaletewa bakuli na chumvi pembeni. Nilikuwa nimepanga kuimeza finyango moja bila kuitafuna, nimalize, nishuke zangu Same. Nikaitia mdomoni. Nikatafuna, nikameza, nikamsogezea mdogo wangu bakuli. Akala. Halafu akaomba maji, nikamtekea mwenyewe mtungini, akanywa kata nzima bila kupumua, yakamtiririka kidevuni.

Alioa kabla ya mvua za vuli. Alirudi gereji, na fundi wake akampokea kwa kumgombeza kana kwamba alichelewa asubuhi moja tu. Akija kwangu alikuwa anaomba maji hata kabla ya kukaa. Nami nilipata watoto wengine, naye ndiye aliyeniendesha Gonja kujifungua wa kwanza kati yao, kwa lori, polepole, na kwenye ule mpando hatukutazamana. Ni mwiko kulitaja, hatukulitaja.

Lakini siku ile uani bakuli lilinirudia. Nikachukua finyango ya pili, na ya tatu. Nikasema, "Niongezeeni." Wanawake wakapiga vigelegele, mama akalia kwa furaha, mdogo wangu akanitazama kama mtu aliyefunguliwa kamba. Walidhani moyo wangu umepona. Nilikuwa na njaa tu. Nyama ilikuwa tamu, nilikuwa sijala tangu Same, na mpaka bakuli lile lilipokwisha sikumkumbuka mwanangu hata kidogo.